Umefikia Wapi? Namna ya Kuchagua Mtaa wa Kukaa Ukienda Dar es Salaam

Swali la kwanza tuliloulizwa Dar es Salaam lilikuwa fupi sana. Mama mmoja aliyekuwa akiuza chai na maandazi kando ya kituo cha daladala alituangalia na mabegi yetu, akapokea shikamoo zetu, kisha akauliza: "Mmefikia wapi?" Tukamjibu kwa furaha kwamba tumefika jana jioni kwa basi. Akacheka kidogo. "Hilo naliona wanangu. Nauliza mmefikia wapi?"

Tulikuwa tumesoma Kiswahili miaka mitatu. Kitenzi *kufika* tulikifahamu, na kauli ya kutendea tulikwisha kuifanyia mtihani. Lakini hatukujua kwamba *kufikia* mahali, au kufikia kwa mtu, ni kupokelewa hapo na kulala hapo ukiwa mgeni. Mama yule hakuwa akiuliza habari za basi. Alitaka kujua tunalala mtaa gani na kwa nani, kwa sababu katika jiji lile jibu la swali hilo humweleza mtu karibu kila kitu: utatumia nauli kiasi gani, utarudi saa ngapi, na utasikia Kiswahili cha namna gani.

Makala haya tumeyaandika kwa ajili ya walimu na wanafunzi wenzetu, hasa wale wanaotoka kwetu Munkunyu, Kinyamaseke, Kisinga na Bwera, ambao wanajiandaa kwenda Dar es Salaam kukiishi Kiswahili kwa wiki chache. Wengi watakwenda mara moja tu, kwa fedha zilizokusanywa kwa shida. Mtaa ukikosewa, fedha zitakwisha na Kiswahili hakitapatikana.

Kwa nini jambo hili lina uzito sasa

Zamani mwanafunzi wa Kiswahili katika wilaya ya Kasese alisoma ili afaulu mtihani. Hali imebadilika. Mtaala mpya wa sekondari ya chini nchini Uganda ulianza kutumika mwaka 2020 na kukipa Kiswahili nafasi kubwa zaidi. Kisha Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwalimu anayehitimu leo atasimama mbele ya darasa lenye watoto wengi, na watoto hao hawana mahali pengine pa kukisikia Kiswahili sanifu ila kinywani mwake.

Sisi wa mpakani tuna bahati fulani. Ukisimama sokoni Mpondwe siku ya gulio, Kiswahili unakisikia bila kukitafuta. Ndugu zetu wa ng'ambo ya mto Lhubiriha, kutoka Kasindi, Beni na Butembo, huvuka na biashara zao, na pale Lhukonzo na Kinande vinapoishia, Kiswahili huanzia. Lakini Kiswahili hicho ni cha Kongo. Husema *batoto* badala ya *watoto*, *banakuya* badala ya *wanakuja*, *niko mwalimu* badala ya *mimi ni mwalimu*. Hatukidharau hata kidogo. Ni Kiswahili hai chenye kanuni zake, na wengi wetu ndicho kilichotufungua midomo. Ila mtihani hautungwi kwa lahaja hiyo, na mwanafunzi atakayeiandika katika insha atapoteza alama. Ndiyo maana safari ya Dar es Salaam, Zanzibar au pwani nyingine ni sehemu ya elimu ya mwalimu.

Tulivyokosea mara ya kwanza

Safari yetu ya kwanza tulikwenda wanne kwa wiki mbili. Tulichagua nyumba ya wageni katikati ya mji, karibu na bandari, kwa sababu tuliona kwamba katikati ya mji ndiko karibu na kila kitu. Ndivyo ilivyo Kasese: ukikaa mjini, soko, benki, kituo cha mabasi na hospitali vyote unavifikia kwa miguu.

Nyumba ile ilikuwa safi na wahudumu walikuwa wakarimu. Lakini wageni wengine wote walikuwa watalii waliokuwa wakingoja boti ya Zanzibar, na mazungumzo ya mezani yalikuwa ya Kiingereza tangu asubuhi hadi usiku. Wahudumu nao walitusemesha Kiingereza kwa heshima, maana ndivyo walivyozoea kufanya na mgeni. Jioni maduka yalifungwa, wafanyakazi wakapanda daladala kurudi makwao, na mitaa ikawa mitupu. Tukarudi vyumbani, tukaongea Lhukonzo sisi kwa sisi.

Kila mmoja alikuwa na daftari la maneno mapya. Baada ya siku kumi na nne, daftari lililojaa kuliko yote lilikuwa na maneno thelathini na moja, na mengi yalikuwa majina ya vyakula. Tulikuwa tumesafiri kutoka Munkunyu hadi Bahari ya Hindi kwenda kuzungumza Kiingereza na Lhukonzo. Mmoja wetu alikuwa ameuza mbuzi wawili ili apate nauli. Hadi leo hatumtanii kwa jambo hilo.

Jiji lilivyo

Kosa letu lilikuwa kuifikiria Dar es Salaam kama mji wa kwetu uliokuzwa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika mkoa huo watu 5,383,728. Mkoa una wilaya tano: Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Katikati ya mji, yaani Posta na Kivukoni kando ya bandari, haiko katikati ya jiji kabisa. Iko ukingoni, baharini, na jiji limeenea kutoka hapo kuelekea bara, kaskazini na kusini.

Msomaji na anyooshe kiganja chake cha mkono. Kiganja ndio mji wa kale pamoja na Kariakoo. Vidole ni barabara kuu nne: Barabara ya Bagamoyo iendayo kaskazini, Barabara ya Morogoro iendayo magharibi, Barabara ya Nyerere iendayo uwanja wa ndege na kuendelea hadi Gongo la Mboto, na Barabara ya Kilwa iendayo kusini kupitia Mbagala. Watu wamejenga kufuata barabara hizo, na vidole vimezidi kurefuka. Kutoka kidole kimoja kwenda kingine kuna njia chache za kukatiza, kama Barabara ya Mandela na ya Sam Nujoma, nazo hujaa magari asubuhi na jioni. Kigamboni iko ng'ambo ya mlango wa bandari. Hufikiwa kwa kivuko au kwa daraja lililofunguliwa mwaka 2016.

Kwetu mtu akitoka Kasese hushuka hadi Kikorongo, akakata kulia, akapita Kinyamaseke na Kisinga hadi Bwera na Mpondwe. Barabara ni moja, na swali ni moja tu: unashukia wapi? Kwa hiyo tumezoea kupima safari kwa kilomita. Dar es Salaam hupimwa kwa saa na kwa upande. Kilomita kumi katika kidole kimoja zaweza kuwa nusu saa, na kilomita hizo hizo kutoka kidole hiki hadi kile zikawa saa mbili kwa sababu ya foleni.

Maswali manne ya kujiuliza

Baada ya safari ya pili na ya tatu, tumefikia maswali manne ambayo sasa tunampa kila mwanafunzi kabla hajakata tiketi.

*La kwanza: Nitakwenda wapi kila siku?* Si kule utakakokwenda mara moja kutembea, kama makumbusho au ufukweni. Ni kule utakakokwenda kila asubuhi. Ukiwa na shughuli Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, ambako iko Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) iliyoundwa mwaka 2009 kwa kuunganisha TUKI na Idara ya Kiswahili, usikae Mbagala hata chumba kikiwa cha bei ya chini. Kaa katika kidole kile kile.

*La pili: Nani atakuwa akinisemesha jioni?* Mchana kila mtu ana haraka. Lugha hujifunzwa jioni, watu wakiwa wamekaa. Mtaa ambao jioni watu wamo ndani ya kuta ndefu na mageti hautakufundisha lugha.

*La tatu: Gharama yote ni kiasi gani?* Chukua bei ya chumba, ongeza nauli ya kwenda na kurudi kwa siku zote, ongeza chakula. Kisha hesabu saa utakazopoteza njiani. Mara nyingi chumba cha bei ya chini pembezoni mwa jiji huwa ghali kuliko cha karibu.

*La nne: Nitarudije usiku?* Jiulize kama daladala hupita karibu, kama njia ya kutoka kituoni ina taa na watu, na kama mwenye nyumba hufunga geti saa fulani. Swali hili ni la wote, lakini wanafunzi wetu wa kike wametuambia wao huliuliza la kwanza. Tunaona ni busara.

Mitaa, kundi kwa kundi

Tangu enzi za ukoloni jiji liligawanywa kwa rangi za watu: *uzunguni* kando ya bahari upande wa kaskazini, *uhindini* karibu na maduka na bandari, na *uswahilini* Kariakoo na Ilala, huku kiwanja cha Mnazi Mmoja kikiachwa wazi kati ya uhindini na Kariakoo. Sheria hizo zimekufa, lakini maneno hayo bado yanasikika, na mpaka wa lugha umebaki karibu pale pale.

*Posta, Kisutu na Upanga.* Ni karibu na Maktaba Kuu ya Taifa, ofisi nyingi na boti za Zanzibar. Vyumba ni ghali. Kisutu na Upanga kuna familia nyingi zenye asili ya Kihindi ambazo nyumbani huzungumza lugha zao. Panamfaa mtu mwenye shughuli ya siku mbili. Anayetafuta lugha asikae huko.

*Kariakoo.* Jina lenyewe ni somo. Limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, waliopiga kambi hapo baada ya Wajerumani kuondolewa mjini mwaka 1916. Waswahili wakalitamka jina hilo kwa namna yao. Leo Kariakoo ni soko la Afrika Mashariki na Kati. Jengo la soko kuu liliungua moto Julai 2021, lakini biashara ya mitaani haikusimama. Gesti ni nyingi na za bei ya wastani, na usafiri wa kwenda kila upande unapatikana. Ubaya wake ni kelele, msongamano na wachomoa mifuko. Tena msomaji wa Bwera atakutana na jambo asilolitarajia: pale Mtaa wa Kongo na mitaa jirani, wafanyabiashara kutoka Uganda na Kongo wamejaa, na kabla hajamaliza kunywa chai atakuwa anazungumza lugha ya nyumbani. Nenda Kariakoo mchana kujifunza lugha ya biashara, uone jinsi watu wanavyopatana bei bila kuvunjiana heshima, kisha ukalale kwingine.

*Magomeni, Ilala, Mwananyamala na Temeke.* Hapa ndipo tulipofikia safari ya pili, na hapa ndipo daftari zetu zilipojaa. Kuna nyumba nyingi za Kiswahili za mtindo wa zamani: ukumbi mrefu katikati, vyumba pande zote mbili, uani nyuma ambako watu wote hupika, hufua na huteka maji, na baraza mbele ambako wazee huketi jioni. Mpangaji wa nyumba kama hii hawezi kukwepa Kiswahili. Asubuhi tu, ukitoka kuosha uso, utasalimiana na watu sita wa rika mbalimbali, na kila mmoja ana salamu yake. Mzee unamwambia *shikamoo*, wa rika lako unamwambia *habari za asubuhi*, na kijana atakuwahi kwa *mambo*. Mama mwenye nyumba wetu alitusahihisha bila kuchoka. Siku moja tulimwambia, "Mama, nipe chumvi." Akatupa, lakini akasema kwa upole, "Huku tunaomba, baba. Sema, naomba chumvi." Sarufi yetu haikuwa na kosa lolote. Adabu ndiyo iliyopungua.

Ubaya wa nyumba hizi ni kwamba faragha ni kidogo, choo ni cha pamoja, na kukiwa na harusi au ngoma mtaani hutalala. Aidha kuna jambo moja la usalama ambalo mgeni lazima alijue. Bonde la mto Msimbazi hufurika mvua zikizidi, na mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuwaacha wengi bila makazi. Ukienda msimu wa masika, Machi hadi Mei, au wa vuli, Oktoba hadi Desemba, usichukue chumba Jangwani wala sehemu za chini za Magomeni na Kigogo zinazopakana na bonde hilo, hata bei ikikuvutia. Muulize jirani, si mwenye chumba peke yake, maji yalifika wapi mwaka uliopita.

*Sinza, Mwenge, Kijitonyama, Msewe na Changanyikeni.* Hili ndilo kundi tunalowashauri wengi. Sinza na Kijitonyama zilipimwa viwanja katika miaka ya 1970 kwa mradi wa serikali, hivyo njia zake zinaeleweka kuliko za mitaa mingine. Wakazi ni mchanganyiko wa wafanyakazi, wanafunzi na wafanyabiashara wadogo. Mlimani ni karibu, na Mwenge ni kituo kikubwa cha daladala. Changanyikeni na Msewe ziko mlangoni mwa chuo, na wanafunzi wengi hupanga huko. Kiswahili utakachokisikia ni cha vijana, chenye misimu mingi inayobadilika kila mwaka. Ni kizuri kukijua, ila kiandike katika ukurasa wake peke yake usije ukakifundisha darasani kama Kiswahili sanifu. Tahadhari moja ya Sinza ni baa. Kabla ya kulipa, pita mbele ya nyumba saa nne usiku usikilize muziki.

*Masaki, Oysterbay na Mikocheni.* Ndiko kwenye balozi, mashirika ya kimataifa na hoteli za kifahari. Usiku ni kimya. Kiingereza kinatawala, na hata mlinzi wa geti atakujaribu kwa Kiingereza kwanza. Lakini Msasani, iliyo jirani, bado ina sehemu ya kijiji cha kale cha wavuvi. Ukienda asubuhi mashua zinaporudi utasikia msamiati wa bahari ambao sisi watu wa maziwa ya George na Edward hatuna.

*Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara, Mbezi, Tegeta na Kigamboni.* Ni pembezoni. Watu ni wakarimu, vyumba ni vya bei ya chini, na Kiswahili kipo tele. Tatizo ni foleni. Panafaa kama una ndugu wa kukupokea na kazi yako ni kukaa nao tu. Angalia pia majina. Kuna Mbezi Beach katika Barabara ya Bagamoyo, na kuna Mbezi Luis katika Barabara ya Morogoro. Ni vidole viwili tofauti. Mabasi ya mikoani na ya nchi jirani yaliyokuwa yakiishia Ubungo yalihamishiwa Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, mwaka 2021. Mwenzetu mmoja aliambiwa "shuka Mbezi, nitakuja kukuchukua", na mwenyeji wake akamngojea Mbezi ile nyingine. Walionana usiku.

Namna ya kupata chumba

Njia iliyo bora ni kuwa na mwenyeji. Anza kuuliza hapa nyumbani miezi miwili kabla: parokiani, msikitini, shuleni, kwa madereva wa malori wanaopita Mpondwe. Karibu kila mtu anamjua mtu. Usione haya, kuuliza si ujinga.

Ukikosa mwenyeji, fikia gesti kwa siku mbili tatu katika kidole ulichokichagua, kisha utafute chumba kwa miguu. Ukimtumia dalali, jua kwamba hudai ujira wake, mara nyingi sawa na kodi ya mwezi mmoja, na wenye nyumba wengi wamezoea kudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Kwa mtu wa wiki nne hilo halina maana. Tafuta familia yenye chumba cha ziada, mwafikiane kwa wiki, na kukubaliana waziwazi kuhusu chakula, maji na umeme. Umeme hulipiwa kabla kwa mita ya Luku, hivyo uliza mapema nani ananunua.

Kabla ya kutoa fedha angalia kufuli, dirisha, choo na maji. Uliza maji hutoka siku zipi. Kisha mwombe mwenye nyumba akupeleke ofisi ya serikali ya mtaa ujitambulishe. Kama huku kwetu mgeni anavyojulishwa kwa mwenyekiti wa kijiji, huko pia mwenyekiti wa mtaa na mjumbe wanapenda kujua nani amelala kwao. Beba hati ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Tulipokwenda kujitambulisha tuliogopa kuhojiwa. Tulikaa saa nzima, tukapewa kahawa, na mzee aliyekuwapo akatueleza historia ya mtaa wake kwa Kiswahili ambacho hatujakisikia redioni.

Jambo la mwisho, msikae pamoja. Mkienda wanne, gawanyikeni nyumba nne, mkutane mara mbili kwa wiki. Tulipofanya hivyo safari ya pili, daftari iliyokuwa na maneno machache kabisa ilikuwa na maneno mia mbili na zaidi, na yule ndugu wa mbuzi wawili ndiye aliyetushinda sote. Alikuwa amefikia kwa bibi mmoja wa Magomeni asiyejua Kiingereza hata neno moja. Leo anafundisha huku kwetu, na wanafunzi wake wanajua kuomba chumvi.

Kwa mwalimu darasani

Majina ya mitaa ya Dar es Salaam ni hazina ya kufundishia kiambishi *-ni* cha mahali: Kivukoni (kivuko), Gerezani (gereza), Jangwani (jangwa), Magogoni (magogo), Mlimani (mlima). Wakumbushe wanafunzi kwamba tunasema "naishi Magomeni", si "naishi katika Magomeni", na kwamba upatanisho hufuata mahali: "Kivukoni *kuna* foleni", "Mlimani *pamejaa* wanafunzi". Waambie pia wataje majina ya mahali pa kwao, Munkunyu, Kinyamaseke, Bwera, wayatungie sentensi za namna hiyo hiyo. Majina hayo hayana *-ni*, lakini upatanisho wa mahali hukaa vilevile: "Bwera *kuna* baridi usiku."

Msamiati

*Kufikia (kwa mtu, mahali):* kupokelewa na kulala hapo ukiwa mgeni.
*Mwenyeji:* mtu wa mahali anayempokea au kumwongoza mgeni.
*Dalali:* anayewakutanisha mwenye nyumba na mpangaji kwa ujira.
*Uani:* sehemu ya nyuma ya nyumba inayotumiwa na wote.
*Baraza:* kibao au ukuta mfupi wa kukalia mbele ya nyumba.
*Foleni:* msongamano wa magari. Pia mstari wa kungojea huduma.
*Konda:* anayekusanya nauli katika daladala.
*Kwa mkupuo:* kwa mara moja, bila kugawa.

Maswali ya mjadala

1. Eleza tofauti ya maana kati ya *kufika*, *kufikia*, *kukaa*, *kuishi* na *kulala* kwa kutunga sentensi.
2. Mwanafunzi wa Munkunyu ana wiki tatu na shughuli kila siku Mlimani. Mchagulie mtaa, na utetee uchaguzi wako kwa maswali manne yaliyo katika makala haya.
3. Linganisha Kiswahili kinachosikika sokoni Mpondwe na Kiswahili sanifu. Ni mambo gani mwalimu ayasahihishe, na yapi ayaache?

Wenzetu watakaosafiri likizo ijayo tunawatakia safari njema. Mkirudi, leteni daftari zenu idarani tuzisome pamoja.